Kitufe Kisichopiga Kelele

Kwenye kampuni yetu hakuna mtu aliyewahi kuambiwa hapana. Mtu akileta wazo la kipuuzi tunamshukuru kwa mchango wake, tunakunywa kahawa, tunalipachika wazo lake mahali fulani, kisha saa kumi jioni tunaagana na kwenda nyumbani tukipendana. Watu wa nchi nyingine hugombana kazini. Sisi tunafanya vikao.

Tunatengeneza vyoo, huku Småland, kusini mwa Sweden. Si vyoo vya mjini vya kuvuta maji, la, ni vyoo vikavu vya nyumba za kiangazi, ambavyo havihitaji maji wala umeme na vinageuza kila mnachovipa kuwa mbolea ya waridi. Msweden mwenye kijumba chekundu cha mbao kando ya ziwa ana mambo mawili ya kumnyima raha, mbu na choo. La mbu lilitushinda. La choo mzee Evert Fagerlind alilimaliza kwa mikono yake, kwa mbao za msonobari, na alipofariki akawaachia watoto wake wawili kampuni nusu kwa nusu.

Hans-Olof, mwenye nusu ya kwanza, ndiye bosi wetu. Ni mtu mwema mno. Hajawahi kumpandishia mtu sauti, na akikutana na mlango uliofungwa atausubiri ujadiliane na bawaba zake. Torborg, mwenye nusu ya pili, ni dada yake mkubwa, daktari wa mifugo aliyestaafu, mwanamke aliyezoea kutia mkono penye tatizo mpaka begani. Yeye anaishi kisiwani, kwenye ziwa la Åsnen, na ofisini alikuwa haji ila akiudhika.

Mwezi wa tatu aliudhika. Aliingia na theluji kwenye viatu, akamwekea kaka yake simu mezani na kumwambia aagize choo kutoka kwenye tovuti yetu wenyewe. Hans-Olof akaanza kuvuta kwa vidole. Tovuti yetu ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta kubwa ya mezani, na kwenye simu ilionekana kama gazeti lililobandikwa ukuta wa pili wa uwanja wa mpira. Alivuta, akapanua, akapotelea kwenye pembe ya picha, akatokea kwenye anwani ya mwaka ambao Evert alikuwa hai. Mwishowe akasema kwamba wateja wengi wana kompyuta.

Torborg akamwuliza wateja hao wanakumbuka choo wakiwa wapi. Jibu Hans-Olof alilijua. Hakuna mtu anayekaa ofisini Stockholm mwezi wa pili akiwaza choo cha kijumbani. Anakiwaza kiangazi, shemeji zake wakiwa wameshashuka kwenye gari, na mkononi ana simu tu.

Hapo ndipo Torborg alipotuambia habari za Malmö. Kampuni moja ya huko ilikuwa inataka kununua nusu yake. Walikuwa wanataka jina la Fagerlind na michoro ya mzee. Karakana hawakuitaka, karakana wangeifunga na vyoo vingetengenezwa kwa plastiki mahali pengine. Hilo hawakulificha, na Torborg naye hakulificha.

"Sikukuu ya kiangazi mtakuja kwangu kisiwani," alimwambia kaka yake. "Nitabandika viazi jikoni, nitachukua simu yangu, nitaagiza choo. Agizo likipita kabla viazi havijaiva, siuzi. Viazi vikitangulia, nauza."

"Dada, huoni kama ni utani mkubwa sana huo?"

"Baba angekuwa hai angesema hivyohivyo. Basi nenda ukatengeneze kitu."

Mimi ndiye mtu wa tovuti. Jina langu ni Ylva, na mpaka siku ile kazi yangu ilikuwa kubadilisha picha ya theluji kuwa picha ya maua kila mwezi wa nne. Niliona bahati imebisha hodi. Nikaja kikaoni na karatasi moja tu. Ukurasa mmoja unaoishia pale kioo cha simu kinapoishia: picha ya choo, bei, na kitufe chekundu kipana kama dole gumba la fundi, kilichoandikwa AGIZA. Nikawaeleza kwamba mtu aliyeshika simu ana mkono mmoja tu, mkono wa pili umeshika mtoto au ndoo, na subira yake ni fupi. Walinishukuru sana kwa mchango wangu.

Kjell, kiongozi wa karakana, ndiye aliyefuata. Huyu ni mtu ninayempenda, na ndiye mwenye mengi ya kupoteza, kwa sababu ana mikono ya useremala na mkopo wa nyumba, na wilaya nzima hakuna karakana nyingine. Ungedhani angesema, mpeni Ylva kitufe chake tukafanye kazi. Kjell alisema ingependeza kama mteja angeona kwanza video ya msonobari ukipigwa randa, ili aelewe mbao zinatoka wapi. Ikaingia. Gunnel wa utawala, ambaye anaiogopa sheria kuliko wengine wanavyoogopa radi, alitaka mteja aombwe ridhaa ya taarifa zake, na ridhaa ya kuombwa ridhaa, na namba yake ya kitambulisho, ili kama kuna siku mtu atatuuliza tuwe tuna la kujibu. Ikaingia. Hans-Olof alitaka maneno ya baba yake yawe juu kabisa, yote, yale aliyoyasema kwenye jubilei. Nani angekataa maneno ya marehemu? Yakaingia.

Kitufe sasa kilikuwa kimeshuka chini kwenye ukurasa kiasi kwamba mtu angehitaji kupumzika njiani. Lakini bado kilikuwa chekundu, na mimi nilijiambia, Ylva, wekundu huo ndio utakaotuokoa.

Kikao cha rangi kilikuwa kirefu kuliko vyote. Hans-Olof alianza kwa kusema kwamba nyekundu haina ubaya, ila inapiga kelele kidogo. Sisi si watu wa kupiga kelele. Chema chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza, na kitufe chekundu kilimkumbusha mtu anayejitembeza. Kjell akapendekeza kijani, Gunnel akaona kijani kina harufu ya siasa. Bluu ikasifiwa, mpaka mtu akakumbuka kwamba bluu na mstari wa njano ulio kwenye nembo yetu vingekuwa bendera, na mtu anayeuza choo kwa bendera ya taifa ataonekana anajisikia. Tukanywa kahawa, tukala mikate ya mdalasini. Tuliporudi mezani tulikuwa tumebaki na rangi moja ambayo hakuna aliyeipenda na hakuna aliyeichukia. Kijivu hafifu, juu ya kijivu hafifu zaidi.

Nyuso zote ziliingia nuru. Sisi tukifikia jambo ambalo halimfurahishi yeyote kwa kipimo sawa, tunajua tumefika.

Nikauliza kama kitaonekana. Basi tukakijaribu, msidhani hatukukijaribu. Hans-Olof alifunga mapazia ya chumba cha mikutano, kwa sababu picha inayorushwa ukutani haionekani vizuri mapazia yakiwa wazi, akatoa simu yake mpya, na simu ikazungushwa mezani, kila mtu kwa zamu yake, kama sahani ya biskuti. Kila mtu alikiona kitufe. Kila mtu alikigusa. Gunnel akaandika kwenye muhtasari kwamba tovuti imejaribiwa kwenye simu na kikosi kizima.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini ukilisema hilo kwetu utaulizwa kama kuna nahodha mmoja unayetaka kumtaja.

Mimi nilifanya kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye muhtasari. Saa za chakula cha mchana, wenzangu wakipasha moto mabakuli yao, niliutengeneza ukurasa wangu ule wa kwanza, na ukafanya kazi kweli, mpaka mwisho. Nikauweka kwenye anwani ya siri ambayo niliijua mimi tu. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira, na wengine wakiwa na hasira hufuma sweta.

Ijumaa ya sikukuu, Torborg alikuja kutuvusha mwenyewe. Mimi nilialikwa kama shahidi, Hans-Olof kama mshtakiwa, ingawa alikuwa amevaa taji la maua kichwani na alionekana amepumzika vizuri. Jua lilikuwa kali. Siku ile kwetu jua halina adabu, linachomoza kabla ya mtu yeyote kulihitaji na linakataa kwenda kulala. Kwenye nyasi ulisimamishwa mlingoti wa maua, binamu na wajukuu walikuwa wameshaanza kuuzunguka wakirukaruka kama vyura, kwa heshima zote, watu wenye shahada.

Torborg alibandika viazi vipya na majani ya shibiti, akaukodolea macho moto mpaka maji yakachemka, akaifunika sufuria. Kisha akatembea mpaka mwisho wa gati, kwa sababu mtandao unafika upande wa ziwani tu, akatoa miwani na simu. Sisi wawili tulimfuata.

Ukurasa ulifunguka polepole. Kwanza maneno ya mzee Evert, aya kwa aya. Torborg aliyasoma machache, akasema baba hakuwa akiongea hivyo hata akiwa amelewa, akayapandisha. Halafu video ya Kjell ikaanza kupakia. Tulisimama tukiutazama msonobari ambao ulikataa kupigwa randa. Niliwasikia wajukuu wakimaliza wimbo mmoja na kuanza mwingine.

"Kiko wapi cha kuagizia?" Torborg aliuliza.

"Kipo hapohapo chini, dada."

"Chini wapi? Naona weupe mtupu."

"Hebu igeuzegeuze simu kidogo."

"Nimeigeuza mpaka nikaona pua yangu mwenyewe. Hans-Olof, hapa hapana kitu."

Alikuwa anasema kweli. Niliinama begani kwake nikatazama. Kile kijivu cha maelewano kilikuwa kimeyeyuka juani kama sukari kwenye chai, na kilichobaki kwenye kioo kilikuwa anga, mawingu, na uso wa mwanamke aliyekasirika. Mapazia ya chumba cha mikutano yalikuwa mbali.

Torborg si mtu wa kukata tamaa. Alizunguka huku na huku akitafuta kivuli, lakini jua lilikuwa utosini, na jikoni mtandao haufiki. Mwishowe akaelekea kwenye jabali lililo juu ya gati, ambako choo chake kimejengwa, kile cha kwanza kabisa ambacho mzee Evert alikitengeneza. Akaingia, akafunga mlango, akatia komeo. Halafu sauti ikatoka ndani.

"Nimekiona."

Hans-Olof alinigeukia uso ukimeremeta. "Umesikia, Ylva? Kinaonekana."

"Nimesikia," nikamwambia. "Wateja wetu watanunua choo bila shida yoyote, mradi wawe wameshakaa ndani ya choo."

Aliniambia kwamba huo ni mtazamo wa kuvutia.

Tukasimama nje ya mlango, bosi na mimi, tukisikiliza. Hakuna namna ya kusimama nje ya choo cha mtu ukabaki na heshima zako, nimejaribu zote siku ile. Torborg alianza kujaza fomu, na kila alichokutana nacho alitutangazia kupitia upenyo wa mbao.

"Kaka, namba yangu ya kitambulisho ya nini? Nanunua choo, siombi viza."

"Gunnel aliona ni vizuri kuwa nayo."

"Na hapa mnaniomba nikubali. Nimekubali. Mnaniomba tena nikubali kwamba nimekubali."

"Hiyo ni ya sheria, dada."

"Sasa mnaniuliza nimeridhika kiasi gani na safari yangu mpaka hapa. Safari gani? Nimekaa chooni."

Hans-Olof alifumba macho. Kutoka jikoni shangazi mmoja aliita kwamba viazi vinanukia. Mimi nilikuwa namwaza Kjell, ambaye wakati huo alikuwa kwao anakula samaki wa siki na watoto wake, akiwa na imani kamili na ile video yake, na moyo uliniuma. Nilitamani kuupiga teke ule mlango. Nikabaki nimesimama, kwa sababu ni mlango wa Fagerlind na hauvunjiki.

Komeo likafunguka. Torborg alitoka na simu mkononi, akatusomea jambo la mwisho lililomfikia baada ya kubonyeza kila kitu tulichomtaka abonyeze. Tulimshukuru kwa kututembelea. Tulimjulisha kwamba ombi lake la kuagiza litajadiliwa na kikosi chetu tutakaporudi kutoka likizo mwezi wa nane. Tulimtakia kiangazi chema.

Alishuka jikoni, akafunua sufuria, akachoma kiazi kimoja kwa uma, kikasambaratika. Viazi vilikuwa vimeiva, vikapitiliza, vikawa uji. Akaitoa sufuria nje na kuiweka juu ya meza ya bustani, upande wa ziwani, mbele ya kaka yake, pale ambapo wote tungeiona.

"Nilitaka iwezekane," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilinitisha kuliko angefoka. "Usije ukadhani nilikuja na jibu mfukoni. Nilikaa humo ndani nikabonyeza kila upuuzi mliouweka, kwa sababu nilitaka iwezekane. Hicho choo baba alikitengeneza mimi nikimshikia misumari."

Hans-Olof alivua taji lake la maua. Alisema kwamba labda, watakaporudi kutoka likizo, wangeweza kukaa chini wakaangalia walijifunza nini.

Nikapiga moyo konde. Kwetu mtu hajitokezi mbele ya wenzake na kitu chake, hasa kitu kizuri, hiyo ni dhambi kubwa kuliko wizi. Lakini ile sufuria ilikuwa inanitazama. Nikafungua ukurasa wangu na kumpa Torborg simu, palepale, juani.

Aliipokea kwa mkono uliolowa. Choo, bei, mstari mmoja wa kumwambia kwamba tunakileta mpaka kwenye gati mwezi wa nane, na kitufe chekundu. Hakuvaa hata miwani. Akagusa kwa dole gumba, akaandika jina na mahali anapoishi, akagusa tena. Simu ikamwambia, umeagiza. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anajaza maji sufuria ya pili.

"Nani katengeneza hili?"

"Mimi."

"Kikao kilisema nini?"

"Hakikuliona."

Hans-Olof alikuwa ameinyoosha shingo yake kuangalia. Alionekana ameumia kweli, maskini, kama mtu aliyekuta watoto wamekula keki kabla ya wageni. "Lakini Ylva," alisema, "hili hatujalijadili."

"Ndiyo maana linafanya kazi, kaka," Torborg akamjibu.

Akakaa kwenye benchi na kutupa masharti yake, akitazama ziwa. Ukurasa ule uwekwe hewani siku ileile, kama ulivyo. Yeye ana nusu tu, hawezi kumlazimisha kaka yake, na kubishana naye amebishana tangu utotoni na hajawahi kupata hata ubishi wa kurudishiwa. Kitu kimoja tu anachoweza ni kuuza au kutouza. Basi hauzi. Lakini siku watakapouharibu ukurasa ule, hatagombana, hatauliza, atapiga simu Malmö.

"Umenielewa, Hans-Olof?"

"Nimekuelewa vizuri sana, dada."

"Na wewe mtoto, umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Tukala viazi vya pili, na samaki, na vinywaji vikali ambavyo kwetu havinywewi bila wimbo, na Hans-Olof aliimba kuliko wote.

Mwezi wa saba nchi nzima ilifungwa kama kawaida, mpaka daktari wa meno alikuwa kwenye kijumba chake. Na huko vijumbani watu walikuwa wamekaa kwenye magati yao juani, simu mkononi, shemeji ndani. Waliagiza. Waliagiza toka Skåne kule kusini mpaka Norrland kaskazini, wengine wakiwa na haraka iliyosomeka wazi katika makosa ya majina yao. Kjell aliporudi mwezi wa nane alikuta kazi ya kumfikisha Krismasi. Alitembea karakana nzima akigusa mbao, na alinishika bega akaniambia kwamba ile video yake imesaidia. Nilimwambia video haipo tena. Akasema, hata hivyo.

Nilidhani yameisha. Nimeishi kwetu maisha yangu yote na bado nilidhani yameisha.

Wiki ya pili Hans-Olof aliitisha kikao cha kutathmini. Torborg alialikwa kwa heshima, akaja, akakaa karibu na dirisha. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Hans-Olof alinisifu mbele ya watu kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akasema kwamba hakuna anayetaka kuugusa ukurasa, hilo lieleweke. Hatuugusi. Tunauboresha tu kidogo, ili kila mmoja wetu ajione ndani yake.

Gunnel aliona ridhaa moja ingeweza kurudi, ndogo. Kjell aliuliza kama msonobari usingeweza kurudi kama picha ya kawaida, isiyotembea. Hans-Olof aliona sentensi mbili tu za baba zingepoza mambo pale juu. Na kuhusu kitufe, alisema, akimtazama dada yake kwa upendo mtupu, hakuna mtu atakayekiondoa. Kitabaki chekundu. Ila wekundu wake upunguzwe, kidogo tu, uelekee kwenye kijivu, kwa sababu mauzo tumeshayapata na sasa hatuna haja ya kupiga kelele.

Mimi nikasema hapana.

Neno hilo lilikaa mezani peke yake. Watu waliliangalia. Nikasema hapana tena, nikasema kwamba tuliahidi, kwamba Kjell ana kazi kwa sababu ya kitufe kile na si kwa sababu ya kitu kingine chochote, na kwamba mtu yeyote anayetaka kukipunguzia wekundu aende kwanza akasimame juani. Hans-Olof alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa akikiinamisha upande, kisha akanishukuru kwa mchango wangu. Alikuwa ameshaagiza mapendekezo yawekwe kwenye ukurasa wa majaribio na mtaalamu mmoja wa nje, ili nisichoshwe. Anwani ikasambazwa. Kila mtu akaufungua kwenye simu yake, katika giza la mapazia, na kila mtu alikiona kitufe.

Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Macho yote yakamwendea Torborg.

Torborg alikuwa anakunywa kahawa. Aliimaliza, akaweka kikombe, akavaa koti. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na nilikuwa mtu pekee chumbani mle aliyekuwa anausikia ukija. Hans-Olof alitabasamu kwa faraja, akasema vizuri, basi tumekubaliana kwa kauli moja.

Torborg akatoka. Nilisogeza pazia. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa magari, juani, simu ameishika mbele yake. Aliukinga uso wake kwa kiganja, akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza. Alivaa miwani, akaivua. Alijaribu kwa muda mrefu, kuliko alivyojaribu kule gatini. Nyuma yake mlango wa karakana ulikuwa wazi na mashine za Kjell zilikuwa zinalia. Kisha akashusha mkono, akabonyeza namba na kuipeleka simu sikioni.

"Anampigia nani?" Kjell aliuliza, akichungulia begani kwangu.

Nikamwambia anapiga Malmö. Alicheka, akidhani ni utani. Halafu akanitazama vizuri usoni, na hakucheka tena.

Nyuma yetu Gunnel alikuwa anamalizia muhtasari. Aliuliza, bila kuinua kichwa, aandike nini kuhusu Torborg.

"Andika hakuwa na pingamizi," nikamwambia.